Mji Ulioyanywa Maji Yake Machafu

Mmesikia mara nyingi habari za miji mikubwa ya Marekani na majumba yake marefu. Leo tazameni mji mmoja, Chicago, ulio ukingoni mwa ziwa Michigan, mwone jinsi ulivyokua na jinsi ulivyopata taabu.

Mwaka 1840 Chicago haikuwa na watu 5,000. Mwaka 1870 walikuwa karibu 300,000, na mwaka 1890 walizidi milioni moja. Walitoka wapi? Wengine walitoka mashambani, na wengi walivuka bahari kutoka Ujerumani, Ayalandi, Polandi na nchi nyingine. Reli nyingi zilikutana hapo, zikileta nafaka, mbao, na ng'ombe na nguruwe wa kuchinjwa. Penye kazi, watu hufuata.

Mwezi wa Oktoba 1871 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji. Watu kama 300 walikufa, na 100,000 hivi walikosa pa kulala. Hawakukata tamaa. Walijenga upya, na mwaka 1885 wakamaliza nyumba ya ghorofa 10 iliyoshikwa na nguzo za chuma. Watu wakastaajabu.

Lakini adui mwingine alikuwa bado hajashindwa. Uchafu wa vyoo na wa machinjio ulimwagwa mtoni. Mto uliingia ziwani. Na ziwani ndimo mlimotoka maji ya kunywa! Je, mama, ungempa mtoto wako maji hayo? Mwaka 1867 walikwisha kuchimba njia ya maili 2 chini ya ziwa, ili wavute maji safi ya mbali. Lakini watu walizidi kuongezeka, na uchafu ukayafuata maji huko huko. Mwaka 1891 homa ya matumbo peke yake iliua watu karibu 2,000.

Basi mwaka 1892 wakaanza kuchimba mfereji wa maili 28. Mwezi wa Januari 1900 maji yakafunguliwa, na mto ukageuka: ukaacha kuingia ziwani, ukauchukua uchafu kuelekea mto Mississippi. Chicago ikapata nafuu. Lakini je, waliokaa chini ya mto huo? Jimbo la Missouri lilishtaki mpaka Mahakama Kuu ya nchi, likashindwa mwaka 1906. Homa yenyewe ilizidi kupungua miaka ya 1910, maji ya kunywa yalipotiwa dawa ya klorini.

Mnaona, wasomaji? Mji wenye mali na mafundi uliwazika watu wake kwa jambo linalohusu hata kijiji cha nyumba kumi. Kwa hiyo, kabla hujachimba choo, tazama kwanza maji yako yanatoka wapi. Kisha tazama na jirani yako wa bondeni anachota wapi.