Je, Wajua? Majemadari wa Milimita 28

Je, wajua kwamba kwenye michezo ya vita vya mezani jemadari mzima, kofia na buti, ana kimo cha milimita 28 hivi, yaani hafiki hata pingili ya juu ya kidole gumba? Na bado mchezaji aliyeketi upande wa pili wa meza anapaswa kumtambua kwa kumtupia jicho mara moja tu.

Je, wajua kwamba H. G. Wells, yule mwandishi wa riwaya za sayansi, alichapisha kanuni za mchezo wa aina hii mwaka 1913 katika kitabu Little Wars? Askari wake waliangushwa na mzinga wa springi uliofyatua vipande vya mbao. Mwaka uliofuata Ulaya ikaingia vitani kwelikweli.

Naye Peter Cushing, bingwa wa filamu za kutisha, alipaka rangi askari wadogo kwa mkono wake na kupigana nao mezani. Ipo filamu fupi ya habari ya 1956 inayomwonyesha akicheza.

Turudi kwa majemadari. Je, wajua kwamba ukimpaka Wellington, jemadari wa Uingereza aliyepigana na Napoleon, koti jekundu kwa vita vya Waterloo, 1815, umekosea? Wengi wa askari wake Waingereza walivaa nyekundu, lakini yeye mwenyewe alivaa koti la buluu iliyoiva, bila mapambo. Kazi ngumu iko kwenye kofia: alibandika beji nyeusi ya Uingereza pamoja na nyingine ndogo za Hispania, Ureno na Uholanzi. Kwa kimo hiki hizo ni nukta tu, na nadhani anayezipaka zote anajifurahisha mwenyewe, maana hakuna mwingine atakayeziona.

Napoleon ni rahisi: koti la kijivu juu ya sare ya kijani, na kofia nyeusi isiyo na nakshi. Ila angalia pembe za kofia. Za kwake zilielekea mabegani, ilhali maofisa wengi walielekeza zao mbele na nyuma. Alijua kujitofautisha.

Farasi je? Copenhagen wa Wellington alikuwa mwekundu wa kahawia. Marengo wa Napoleon, wa kijivu.

Je, wajua kwamba hata kitako cha sanamu husema cheo? Wachezaji wengi wa vita vya Napoleon humweka jenerali wa brigedi peke yake, wa divisheni na msaidizi mmoja, na mkuu zaidi ya hapo hupewa kitako kipana chenye kundi zima la wapanda farasi. Juu yake hupakwa gundi nyeupe ya seremala, mchanga humwagwa, ukikauka hupakwa kahawia, kisha brashi iliyokaribia kukauka hupitishwa na rangi hafifu ili punje zilizochomoza zing'ae. Majani nayo ni nyuzinyuzi za nailoni: kifaa cha umeme tuli huzifanya zisimame wima kwenye gundi kabla haijashika. Bila umeme huo hulala chini kama zimekanyagwa.

Wajua kwamba brashi ndogo kabisa si rafiki wa anayepaka macho? Rangi hukauka nyweleni kabla haijafika usoni. Mafundi hupenda namba 1 au 2 yenye ncha kali, ya manyoya ya kolinsky, mnyama wa Siberia wa jamii ya kicheche. Kampuni ya Winsor & Newton ilianza kutengeneza brashi zake mashuhuri za Series 7 mwaka 1866, kwa agizo la Malkia Victoria.

Na jenerali Sir Thomas Picton? Mizigo yake ilichelewa, akaingia Waterloo na nguo za kiraia na kofia ndefu ya mjini, akauawa hapohapo akiongoza divisheni yake. Kwa hiyo ukiona mezani jenerali wa Uingereza aliyevaa kama mfanyabiashara, usimcheke aliyempaka. Amesoma historia yake.