Skani Makaratasi Zako Kabla Maji, Moto Ama Mwizi Azifikie

Swali la haraka: saa hii cheti chako cha KCSE kiko wapi? Usiniambie "iko tu kwa nyumba". Wapi kabisa? Kama ni chini ya godoro, kwa ile bahasha ya kaki imejaa cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na risiti za TV, karibu kwa klabu, tuko wengi.

Wasee wa Mathare na Mukuru hawahitaji kuelezewa hii. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia kwa nyumba, watu walinyakua watoto na simu. Bahasha ilibaki ikielea. Gikomba nako, kila moto ukizuka kuna mtu anapoteza stoo na makaratasi za biashara pamoja.

Sasa sikia penye watu wengi hukosea. Wanadhani ukiskani, cheti kikipotea utaprinti kingine na mambo iishe. Zii. Mwajiri akitaka orijino, anataka orijino. Kazi ya skani ni kukubebea namba. Ukienda polisi kuchukua abstract, ama ukiomba KNEC cheti mbadala kupitia tovuti yao ya QMIS, utaulizwa index namba, mwaka na jina vile liliandikwa. Title ya shamba ikipotea, lazima tangazo liwekwe kwa Gazeti la Serikali kwa siku 60 kabla upewe nyingine, na hapo pia kila kitu kinaanza na namba ya shamba. Nani ameikariri? Hakuna.

Habari njema ni kwamba huhitaji mashine, na huhitaji kulipa mtu wa saiba kwa kila ukurasa. Kama uko na Android, fungua Google Drive, kuna alama ya kamera hapo chini. Wa iPhone, tumia Notes. Adobe Scan pia ni ya bure, na inasoma maandishi, so ukitafuta neno "KRA" baadaye inakuletea karatasi yenyewe. Hizi programu si sawa na kupiga picha tu. Zinakata kando, zinanyoosha karatasi, zinapunguza kivuli, halafu zinaweka kurasa zote kwa PDF moja.

CamScanner ndiyo kila mtu anaijua. Mwaka wa 2019 wataalamu wa Kaspersky walipata kodi mbaya kwa sehemu ya matangazo ya toleo lake la Android, Google ikaitoa kwa Play Store, ikarudi baada ya kusafishwa. Shida yangu na hiyo ni ndogo zaidi: ile ya bure inaacha chapa yake kwa ukurasa. Unatuma maombi ya kazi na cheti chako kinatangazia watu programu. Kidogo inaudhi.

Skani mchana karibu na dirisha, karatasi ikiwa juu ya kitu cheusi. Karatasi nyeupe juu ya kitambaa cheupe inachanganya simu. Kama cheti kimelaminetiwa, zima flashi. ID weka mbele na nyuma kwa ukurasa mmoja. Na tafadhali, ipe faili jina la maana. "Scan 0047" hutaipata ukiwa na presha.

Wenye duka, anzeni na risiti. Zile laini za mashine huchapwa kwa joto, si kwa wino, na ukiziacha kwa dashibodi ama karibu na jiko, zinafutika. Sheria ya kodi inataka rekodi uziweke miaka 5. Karatasi nyeupe haitakutetea mbele ya KRA.

Sasa, PDF ikikaa kwa simu pekee hujafanya kitu. Simu ikinyakuliwa kwa dirisha la mathree, imeenda na vyeti. Ndio maana unaituma mtandaoni, kwa Drive ama kwingine. Google inakupa GB 15 bure, lakini Gmail, Drive na Photos zinagawana hiyo nafasi. Makaratasi hazitaijaza. Video za status ndizo zitaijaza.

Na hapa kuna mtego. Umeibiwa, umenunua simu ingine, unataka kuingia kwa akaunti. Google inakuambia thibitisha kwa simu yako, ile iko na mwizi, ama inatuma SMS kwa laini iliyoenda nayo. Unaona vyeti vyako kwa mbali na huwezi kuvishika. Kwa hivyo leo, kabla kiumane, ingia kwa mipangilio ya usalama ya akaunti, washa uthibitisho wa hatua mbili, halafu toa zile kodi 10 za dharura. Ziandike kwa karatasi. Ndiyo, karatasi. Achia mathe ama mtu unamwamini, si kwa waleti.

Folda yenyewe isiwe ya "yeyote aliye na linki". Ukitumia saiba, futa faili kwa kompyuta na utoke kwa akaunti kabla ulipe. Na yule ajenti wa kazi za Gulf hujawahi kukutana naye, anayetaka ID mbele na nyuma kwa WhatsApp? Picha ya ID yako inaweza kusajili laini ama kuombewa loan. Kama uko Safaricom, piga *106# uone laini ngapi ziko kwa jina lako.

Orijino usichome. Wakili hagongi muhuri kwa nakala bila kuona orijino, na hakuna mtu wa kununua shamba kwa PDF. Ziweke kwa mfuko wa plastiki unaofungika, juu ya kabati, si chini ya godoro.

Kama utafungua akaunti ya makaratasi pekee, ingia huko hata mara moja kila miezi michache. Akaunti ikikaa miaka 2 bila kuguswa, Google inaweza kuifuta na kila kitu ndani yake.