Mali Bila Daftari: Vyombo vya Kuhesabu Watumiaji wa Apu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, lakini mimi niliielewa barabara mwaka jana, jikoni kwetu hapa Nyamira.

Kaka yangu ni hodari wa tarakilishi. Alitengeneza apu ya kuonyesha bei ya ndizi katika masoko ya Keroka, Nyamira mjini na Daraja Mbili kule Kisii. Mama alimpa sehemu ya bonasi ya majani chai anunue kipakatalishi kilichokwisha tumika, na alipe zile dola 25 ambazo Google humtoza mara moja tu mtu anayetaka kuweka apu zake katika duka la Play. Kusema kweli, pesa hizo zingenilipia karo ya muhula. Basi jioni moja mama akamwuliza, "Mwanangu, hiyo kitu yako, watu wangapi wanaitumia?" Kaka akajibu kwa madaha, "Mama, watu 212 wameipakua!" Mama akatikisa kichwa. "Sijauliza waliochukua. Nimeuliza wanaotumia." Kaka akanyamaza kama maji mtungini.

Mama hajui tarakilishi, ila anajua kituo cha kununulia majani chai. Karani wa kituo hampimi mtu kwa sababu ana nambari ya mkulima. Hupima majani aliyoleta siku hiyo. Vivyo hivyo, kupakua apu si kuitumia.

Je, utajuaje wanaoitumia? Mtengenezaji huweka ndani ya apu kipande kidogo cha programu kilichoandikwa na kampuni nyingine. Ukifungua apu, ukibonyeza kitufe au ukihama ukurasa, kipande hicho huandika tukio. Matukio huwekwa akiba katika simu, kisha hutumwa kwa mafungu kupitia intaneti na kujumlishwa huko yaendako. Mwenye apu huona michoro na hesabu. Vyombo vya kazi hii ni vingi, lakini nitalinganisha vya aina tatu.

Kwanza ni Google Analytics ya Firebase. Firebase ilianzishwa mwaka 2011 na kununuliwa na Google mwaka 2014. Haina malipo, na mara tu ikiwekwa huanza kuhesabu yenyewe waliofungua apu kwa mara ya kwanza na wanaorudi. Hiki ndicho chombo cha mtu anayeanza bila pesa. Kasoro yake ni kwamba takwimu za watumiaji wako zinakaa kwa Google, si kwako.

Pili ni Mixpanel, iliyoanza mwaka 2009, na Amplitude, iliyoanza mwaka 2012. Firebase pia huweza kufuata safari ya mtumiaji, lakini hawa wawili wamebobea hapo: wangapi walifika ukurasa wa kwanza, wangapi wa pili, na ni wapi waliokata tamaa. Unaanza bure, lakini watumiaji wakiwa wengi unalipa. Isitoshe, yafaa uketi na kuamua mapema ni matukio gani unataka kuhesabu.

Tatu ni Matomo. Ilianza mwaka 2007 ikiitwa Piwik, ikabadili jina mwaka 2018. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na unaweza kuiweka katika tarakilishi kuu yako mwenyewe, kwa hivyo takwimu hazitoki mikononi mwako. Lakini ulinzi na matengenezo ni juu yako. Apu ya zahanati au ya shule ingefaa kufikiria njia hii.

Kaka alichagua Firebase, maadam mfuko ulikuwa mtupu. Kumbe! Kwa wiki nzima ni watu 31 tu walioifungua apu. Wengi wa wageni walikwama ukurasa mmoja: ule wa kujisajili, ulioomba nambari ya kitambulisho. Ya nini nambari ya kitambulisho kwa bei ya ndizi? Kaka akauondoa ukurasa huo. Baada ya mwezi mmoja, waliofungua kwa wiki walikuwa 88.

Hata hivyo, tusiviabudu vyombo hivi. Familia ikitumia simu moja, watu watano huhesabiwa kuwa mmoja. Ukifuta apu na kuipakua tena, unaweza kuhesabiwa kuwa mtu mpya. Na mwenye kabambe, kama mama yangu, hayumo kabisa katika hesabu, ilhali ndiye anayebeba mikungu hadi Keroka!

Kuna na jambo la haki, na hili latuhusu sisi wanafunzi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka mtu aambiwe habari zake zinakusanywa kwa nini. Habari za mtoto zahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Mwaka 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kwa hivyo hesabu kile unachohitaji tu, na kama huwezi kueleza sababu, usikihesabu.

Hebu nawe, kabla ya kujisifu kuhusu apu yako, jiulize swali la mama. Kaka alipomwonyesha ile 88, mama alitazama kioo kwa muda, akasema, "Sasa hiyo ni hesabu. Na sisi wa kabambe je?" Siku hizi kaka huamka mapema na kumtumia mama bei kwa ujumbe mfupi, naye huwatangazia majirani. Hao, hakuna chombo kinachowahesabu, ila daftari la mama.