Wosia, Shamba na Wakili: Wakati Upasao Kutafuta Shauri

Huko Shirere, kando ya mji wa Kakamega, shamba ambalo zamani lilikuwa la mahindi na migomba leo laweza kutakiwa na watu watatu kwa siku moja: mjenzi wa nyumba za kupangisha, mwenye duka, na mwalimu atafutaye kiwanja. Kwa hiyo ugomvi wa urithi, ambao zamani wazee waliumaliza nyumbani, siku hizi hufika mahakamani na kukaa huko miaka mingi. Mara nyingi chanzo ni kimoja: wakili hutafutwa wakati fedha zimekwisha kutolewa, au mwenye mali amekwisha kuzikwa.

Tuchukue mfano. Mzee amefariki, ameacha ekari tatu, wajane wawili na watoto saba. Hati ya shamba ingali na jina la baba yake. Siku ya kunyoa nywele wazee wa ukoo wamekaa na kuuliza nani alimdai marehemu na nani alidaiwa naye. Hii ni desturi njema, tena imezuia magomvi mengi. Lakini wazee hawawezi kubadili jina lililoandikwa katika daftari la serikali la ardhi. Mwana wa kwanza, akidhani kwamba shamba sasa ni lake, amemwuzia mtu wa mjini nusu ekari. Wameandikiana katika karatasi ya daftari la shule, mashahidi wametia dole gumba, fedha zote zimelipwa. Yote yaonekana kuwa sawa, ila mwuzaji hakuwa na kitu cha kuuza.

Sheria ya Urithi, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, yamkataza mtu kuigusa mali ya marehemu bila idhini ya mahakama. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Ardhi haiuzwi mpaka mahakama iwe imethibitisha hati ya usimamizi, jambo ambalo kwa kawaida hufanyika baada ya miezi sita. Katika mfano wetu mashauri ni mawili, kwa kuwa urithi wa babu haukushughulikiwa kamwe. Hata ikiwa ekari zote zilimfikia mzee, wengi hudhani kwamba kila nyumba itapata nusu. Sivyo. Pasipo wosia sheria huhesabu watoto wa kila nyumba pamoja na mjane wao. Nyumba yenye watoto watano ina hesabu ya sita, na yenye watoto wawili ina tatu. Kwa hiyo ekari mbili huenda kwa ya kwanza na moja kwa ya pili. Mabinti wamo katika hesabu hiyo sawasawa na wana. Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua hivyo huko Eldoret mwaka 2005, katika shauri la Rono, na Katiba ya 2010 imekataza ubaguzi wa namna hiyo.

Kuandika wosia si lazima kuwe na wakili. Yatosha mtu mzima mwenye akili timamu atie sahihi au alama yake, na mashahidi wawili wamwone akifanya hivyo, nao watie sahihi zao. Shahidi asiwe mmoja wa wapewao mali, maana wasipopatikana mashahidi wengine wawili wasiopewa mali, fungu lake litabatilika. Wosia wa mdomo wakubaliwa pia mbele ya mashahidi wawili, lakini hufa iwapo msemaji ataishi zaidi ya miezi mitatu. Mzee aliyewagawia wanawe kwa mdomo siku ya Krismasi, kisha akala mahindi mapya ya Agosti, hajaacha wosia wo wote.

Wakili yafaa atafutwe ikiwa wake ni zaidi ya mmoja, ikiwa hati ina jina la mtu mwingine, ikiwa shamba limewekwa rehani benki, au ikiwa mwenye mali ataka kumnyima mke au mtoto. Maana mahakama yaweza kuubadili wosia uliomsahau amtegemeaye.

Kwa mnunuzi, wakati wa wakili ni kabla ya kulipa shilingi ya kwanza. Atalitazama daftari la ardhi, ataulizia ridhaa ya mke au mume wa mwuzaji, na ikiwa ni shamba la kilimo ataomba kibali cha Bodi ya Ardhi katika muda wa miezi sita tangu mapatano. Chini ya sheria ya 1967, mapatano yasiyo na kibali hicho ni batili. Mahakama imepata kuwasaidia wanunuzi wengine wa namna hiyo, lakini hakuna ajuaye mapema kama atakuwa miongoni mwao.

Wawili wafunguao duka kwa shirika nao waandike kila mmoja ametoa kiasi gani, na nini kitafanyika mmoja akifa.

Wakili wa kweli ana cheti kinachotolewa upya kila mwaka, wala hachukizwi akiombwa kukionyesha. Yule akaaye na mihuri mlangoni pa ofisi, akiandika hati za kuhamisha ardhi kwa malipo, avunja sheria. Ada iulizwe kwanza, na risiti ichukuliwe. Aendaye kwa ajili ya mali ya marehemu achukue cheti cha kifo, barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, mabinti walioolewa wakiwamo, na hati ya shamba. Asiye na uwezo wa kulipa aweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016.