Kiboko, mamba na nyoka: mambo ya kujua ukiishi karibu na Mto Akagera

KIGALI – Ukihama unapata majirani wapya, na baadhi yao ni wanyama. Aliyekulia kando ya Ziwa Kivu, upande wa Goma, Bukavu au Idjwi, alioga ziwani tangu utotoni bila wasiwasi, kwa sababu ziwa lile halina mamba. Aliyetoka Uvira, Fizi au Bujumbura, kwenye Ziwa Tanganyika, alifundishwa na wazazi wake mambo tofauti kabisa. Na aliyeishi Gihembe, juu kwenye milima ya Gicumbi penye baridi na ukungu, alimjua kiboko kwa picha tu.

Kambi ya Gihembe ilianzishwa mwaka 1997. Ilipofungwa mwaka 2021, familia nyingi za Wakongo zilizokuwa zimekaa pale zaidi ya miaka ishirini zilihamishiwa Mahama, wilaya ya Kirehe, nchi ya chini yenye joto, karibu na Mto Akagera na mpaka wa Tanzania. Walikuta Warundi wengi ambao walikuwa hapo tangu kambi ilipofunguliwa Aprili 2015, na ambao tayari walikuwa wanaujua mto. Watoto waliozaliwa Gihembe hawakuujua.

Kama wewe ni mmoja wa waliohamia huko, au unaishi hapa Kigali na huwa unakwenda kutembelea ndugu Mahama au kutafuta vibarua vya shamba upande wa Bugesera, makala haya yanakuhusu.

Simba wako ndani ya uzio, mto hauna uzio

Watu wakisikia jina Akagera huwaza simba kwanza. Ni kweli kwamba Hifadhi ya Taifa ya Akagera ina simba. Walikuwa wametoweka kabisa baada ya 1994, kisha mwaka 2015 simba saba wakaletwa kutoka Afrika Kusini. Mwaka 2017 wakafuata vifaru weusi. Lakini kabla ya kuwaleta, upande wa magharibi wa hifadhi, ambako wananchi wanalima, ulijengwa uzio wa umeme wa kilomita 120 hivi, uliokamilika mwaka 2013. Wilaya zinazopakana na hifadhi ni Nyagatare, Gatsibo na Kayonza. Mahama iko kusini zaidi. Kwa hiyo mzazi anayemkataza mtoto kwenda msalani usiku kwa kuogopa simba anamwogopesha bure. Nyoka ndiye wa kuangaliwa njiani, nasi tutamfikia.

Wanyama wa majini ni habari nyingine. Fuata maji uone. Nyabarongo, mto unaoupita kwenye daraja ukitoka Kigali kwenda Bugesera, unapokea maji ya Akanyaru na mbele yake unaitwa Akagera. Akagera unapita karibu na Ziwa Rweru, unafuata mpaka wa Burundi hadi maporomoko ya Rusumo, halafu unageuka kaskazini kando ya Tanzania, unapita karibu na Mahama na kuendelea hadi hifadhini. Viboko na mamba wako kwenye njia hiyo ndefu, ndani ya hifadhi na nje yake. Hawana habari na mipaka ya wilaya.

Kuna jambo moja la historia linalosaidia kuelewa. Mwaka 1997 zaidi ya nusu ya eneo la hifadhi iliondolewa ili Wanyarwanda waliorudi kutoka uhamishoni wapate ardhi. Yaani hata majirani zako wenyeji, baadhi yao, wanalima mahali ambapo nyati na pundamilia walikuwa wakilisha si zamani sana. Wao pia walianza kama wageni kwa wanyama hawa, na wamejifunza. Waulize. Jifunze pia maneno yao, maana siku ya hatari hutasubiri mkalimani: imvubu ni kiboko, ingona ni mamba, inzoka ni nyoka. Ukisikia mtu anapiga kelele mojawapo ya maneno hayo mtoni, toka kwanza, maswali baadaye.

Kiboko hatafuti nyama, anatafuta njia

Kiboko hula majani. Ndiyo maana wengi hawamwogopi inavyostahili. Mchana anakaa majini ili jua lisimchome ngozi. Jua likizama anatoka, anapanda ukingoni kwa njia yake ileile ya kila siku, anakwenda kulisha nyasi (au mahindi yako), wakati mwingine kilomita kadhaa kutoka majini. Kabla ya mapambazuko anarudi. Dume lina uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na kwa muda mfupi linaweza kukimbia kilomita 30 kwa saa. Hakuna binadamu wa kawaida anayeshindana na mwendo huo gizani, kwenye matope, akiwa na jerikani mkononi.

Anayeumizwa mara nyingi ni mtu aliyesimama kati ya kiboko na maji. Mnyama akishtuka, wazo lake ni moja tu, kurudi majini, na wewe uko njiani. Wa pili ni mtu aliyemkaribia jike lenye mtoto. Wa tatu ni mvuvi ambaye mtumbwi wake umepita juu ya kundi.

Kwa hiyo saa ni muhimu kuliko ujasiri. Usiende mtoni kabla jua halijatoka vizuri, wala baada ya saa kumi na mbili jioni. Ukiona njia pana iliyokanyagwa kwenye nyasi ikishuka hadi majini, na kinyesi kimetawanywa juu ya vichaka, hiyo ni barabara yake. Usichote maji hapo, usilale hapo kulinda shamba. Kiboko akifungua mdomo wazi kabisa hapigi miayo ya usingizi. Anakuonya. Rudi nyuma polepole, ukimwachia nafasi ya kufika majini. Akikukimbiza, weka kitu kikubwa kati yenu: mti mnene, kichuguu, mwamba, au panda juu kama unaweza.

Na akiingia shambani usiku? Usimfukuze peke yako kwa tochi na panga. Hapa kuna somo kutoka mbali. Mwaka 2017 mamia ya maelfu ya Warohingya walikimbia Myanmar na kupiga kambi Kutupalong, kusini mwa Bangladesh, katikati ya njia ambayo tembo walikuwa wakiipita kila mwaka. Tembo waliendelea kuja, wakakuta mahema. Katika miezi ya mwanzo watu zaidi ya kumi walikufa, wakiwemo watoto. Baadaye UNHCR na shirika la uhifadhi la IUCN walifanya kazi na wakimbizi wenyewe: walijenga minara ya ulinzi na kuwafundisha mamia ya watu wa kujitolea. Mlinzi akimwona tembo anatoa ishara, kundi linajipanga kwa utaratibu, linapiga kelele kwa umbali na kumwelekeza mnyama arudi msituni, huku wengine wakizuia umati usimkaribie. Kabla ya hapo, umati wa watu waliotaka kutazama ndio uliokuwa unamtia tembo wazimu. Mahama si Kutupalong, na kiboko si tembo, lakini kazi ya kuwazuia watazamaji inafanana kabisa, na siku hizi ni ngumu zaidi kwa sababu kila mtu ana simu ya kupigia picha.

Mamba hukariri

Warundi hawahitaji kuambiwa kuhusu Gustave, mamba mkubwa wa Mto Ruzizi na pwani ya kaskazini ya Tanganyika, aliyepewa jina hilo na Mfaransa mmoja aliyekuwa akiishi Burundi. Alikadiriwa kuwa na urefu wa karibu mita sita. Walijaribu kumnasa kwa kizimba kikubwa cha chuma na hakuingia. Filamu ya jaribio hilo ilitoka mwaka 2004. Inasemekana aliua watu mamia. Idadi hiyo haijathibitishwa, na mimi huipokea kwa tahadhari, kwa sababu katika miaka ile ya vita watu wengi walipotea kwenye maji yale kwa sababu nyingine.

Mamba wa kawaida anatosha kuogopesha. Anaangalia. Mama akichota maji mahali pamoja, saa ileile, siku tatu mfululizo, siku ya nne mamba anaweza kuwa anamsubiri chini ya maji ambako haonekani. Basi maji ya kunywa na kupika chukua kwenye mabomba ya kambi, hata kama foleni ni ndefu na unajua mto uko karibu. Maji yale yametibiwa, na bombani hakuna mamba. Kama huna budi kwenda mtoni, msiende mmoja mmoja, badilisheni mahali, chota kwa chombo kilichofungwa kwenye mti mrefu au kamba ukiwa umesimama mbali na ukingo. Usiinamie maji. Usifue ukiwa umezama hadi magotini. Mtoto asiogelee mtoni, hata akisema wenzake wote wanaogelea.

Nyoka: yaliyo muhimu zaidi katika makala haya

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka huua kati ya watu 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani. Wengi ni wakulima na watoto wa vijijini. Simba na mamba hawafiki popote karibu na hesabu hiyo.

Kwenye nchi ya chini ya mashariki mwa Rwanda kuna swila, na kuna kifutu, nyoka mnene, mfupi, mwenye rangi ya majani makavu. Kifutu ana tabia mbaya moja: hakimbii. Wengi wa nyoka wakisikia hatua zako huondoka. Yeye hutulia palepale akitegemea rangi yake, na wewe unamkanyaga. Ndiyo maana tochi na viatu vilivyofunika mguu vina thamani kuliko dawa yoyote ya kunyunyiza. Kabla ya kuokota kuni, zigeuze kwa fimbo. Chakula kifunike vizuri, maana punje zikimwagika huja panya, na panya huvuta nyoka. Chandarua ulichopewa kwa ajili ya malaria, ukikichomeka vizuri chini ya godoro au mkeka, kinamzuia nyoka pia.

Mtu akiumwa na nyoka, mambo ni haya. Mwondoe pale, mtulize, mlaze. Mvue pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujaanza. Funga kiungo kilichoumwa kwenye kijiti kama vile kimevunjika, ili kisitikisike. Mbebe kwa machela au pikipiki hadi kituo cha afya cha kambi. Kutoka hapo anaweza kupelekwa hospitali ya wilaya ya Kirehe. Namba ya gari la wagonjwa nchini Rwanda ni 912.

Usifunge kamba kwa kukaza juu ya jeraha. Najua wengi mlifundishwa hivyo. Kamba huzuia damu, na watu hupoteza mguu kwa sababu ya kamba, si kwa sababu ya sumu. Usichanje kwa wembe, usifyonze kwa mdomo. Na jiwe jeusi, lile linalojulikana sana Kongo na Burundi, linalogandishwa kwenye jeraha ili “livute sumu”, halivuti sumu. Likionekana kufanya kazi ni kwa sababu nyoka yule hakuwa na sumu, au aliuma bila kuitoa. Ubaya wake ni saa mbili au tatu zinazopotea huku mgonjwa akisubiri lidondoke. Swila akikutemea machoni, osha kwa maji safi mengi mara moja, kisha nenda kituoni.

Huna haja ya kumuua nyoka na kumpeleka. Wengine wameumwa wakijaribu hivyo. Rangi na ukubwa wake vikumbuke, inatosha.

Mbwa naye ana nafasi yake hapa, hasa kwenu mlioko Kigali. Akikuuma, hata kidogo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda siku hiyohiyo ukachanjwe. Kichaa cha mbwa dalili zikianza hakuna tiba.

Wenye ndugu Marekani

Tangu Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na wengi wenu mnasubiri. Waliotangulia hutuma hadithi za dubu na nyoka mwenye kayamba mkiani. Mawili tu: dubu hufuata takataka na chakula kilichoachwa nje, na ukikutana naye usikimbie. Katika hifadhi ya Yellowstone aliyejeruhi watu wengi kuliko mnyama mwingine yeyote ni nyati wa kule, kwa sababu watu humsogelea kupiga picha.

Ukiumizwa na mnyama wa porini

Rwanda ina sheria ya mwaka 2011 kuhusu fidia kwa madhara yanayosababishwa na wanyama, na Mfuko Maalumu wa Dhamana, Ikigega Cyihariye cy’Ingoboka, ambao ndio hulipa. Ni mfuko uleule unaolipa walioumizwa na magari yasiyo na bima. Unahusu kifo na majeraha, na pia mazao na mifugo.

Kitambulisho cha mkimbizi kisikufanye unyamaze. Toa taarifa mara moja kwa kiongozi wa kijiji chako kambini na kwa viongozi wa serikali ya eneo, wafike waone wenyewe. Piga picha za shamba kabla hujalisafisha. Tunza kila karatasi ya hospitali, hata risiti ya dawa. Kisha mwone mwanasheria anayesaidia wakimbizi kambini, mwandae ombi pamoja, akueleze muda uliowekwa na sheria na kama kisa chako kinahusika. Fanya hivyo wiki hiyohiyo. Nyasi zikiota tena juu ya nyayo za kiboko, ushahidi unakuwa mgumu.