Pikapu ya Zamani: Springi za Koili au za Mabamba?

Katika baraza zetu za hapa Marekani limekuwa likijirudia suala ambalo kwa nje laonekana ni la mafundi peke yao, nalo ni hili: mtu akitaka kununua pikapu ya zamani, achague yenye springi za koili nyuma au yenye springi za mabamba? Tumeona inafaa tulieleze kwa utaratibu, kwa sababu ndani yake mna fedha za familia, mna usalama wa watoto wanaopanda gari hilo, na mna mvutano usiokwisha baina ya wazee na vijana wao. Kijana ataka gari la kupendeza, lililoshuka chini na lenye kwenda kwa ulaini. Baba ataka gari la kubebea majokofu na makochi siku za Jumamosi, lisaidie kuleta riziki nyumbani. Wote wawili wana haki, ila gari ni moja.

Wazee wengi huanza na imani kwamba springi ya kweli ni ya mabamba. Imani hiyo ina asili yake. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tulisafiri kwa malori ya Bedford na kwa Land Rover, na yote hayo yalisimama juu ya mabamba. Land Rover iliyoanza kutengenezwa mwaka 1948 haikupata koili mpaka mwaka 1983 ilipotokea ile iitwayo One Ten, ingawa kiwanda hicho hicho kilikwisha kutumia koili katika Range Rover tangu mwaka 1970. Lakini mazoea si hoja. Yatupasa tuangalie kila springi inafanya kazi gani.

Tofauti yenyewe

Springi ya mabamba ni vipande virefu vya feleji vilivyopindwa kidogo, vikapangwa kimoja juu ya kingine na kushikwa na bolti ya katikati. Ncha ya mbele hufungwa kwenye fremu. Ncha ya nyuma hufungwa kwenye kiungo chenye kucheza, kwa kuwa bamba likinyooka hurefuka. Ekseli hubanwa katikati kwa bolti zenye umbo la herufi U. Uzuri wake mkubwa ni kwamba hufanya kazi mbili kwa pamoja: hubeba uzito, na papo hapo huishika ekseli isiende mbele, nyuma wala upande. Vyuma ni vichache, na fundi yeyote huvifahamu.

Kasoro zake ni mbili. Kwanza, mabamba husuguana, na msuguano huo huifanya springi isiitikie mashimo madogo. Ndiyo maana pikapu tupu huruka-ruka na kuwachosha abiria. Pili, dereva akikanyaga mafuta kwa nguvu, ekseli hutaka kujizungusha na mabamba hujipinda, magurudumu yakapigapiga barabara.

Koili ni fimbo ya feleji iliyoviringwa. Yenyewe hubeba uzito tu. Haiwezi kuishika ekseli, hivyo huhitaji wasaidizi: mikono miwili mirefu itokayo kwenye ekseli hadi katikati ya fremu, na fimbo moja ya kukingama inayozuia ekseli isihame upande. Malipo ya vyuma hivyo vya ziada ni ulaini wa mwendo na gari kutulia barabarani.

Chevrolet na GMC

Mfano bora wa suala hili ni pikapu za kampuni ya General Motors, kwa sababu zote mbili zilitoka katika nyumba moja. Kuanzia modeli ya mwaka 1960 hadi ya 1972, Chevrolet C10, ile iitwayo ya nusu tani, iliwekewa koili nyuma. Dada yake, GMC ya miaka ya 1967 hadi 1972, aghalabu ilikuja na mabamba. Katika miaka hiyo mnunuzi wa Chevrolet aliweza kuagiza mabamba, na wa GMC aliweza kuagiza koili. Kwa hiyo jina lililo mbele ya gari halitoshi kuwa ushahidi. Yakupasa uiname uangalie chini. Ukiona mikono miwili mirefu ikielekea mbele kutoka kwenye ekseli, hiyo ni ya koili.

Wale wanaodhani koili ni kitu cha anasa wakumbuke kwamba hata C20, iliyo juu ya nusu tani, ilikuwa nayo. Lakini C30, ya tani moja, iliwekewa mabamba. Hapo mtengenezaji mwenyewe alikwisha kuchora mpaka wake: mzigo ukizidi sana, alirejea kwenye mabamba. Na mwaka 1973 umbo jipya lilipotoka, hata C10 ilihamia kwenye mabamba. Ford F-100 nayo ilikuwa na mabamba nyuma tangu zamani.

Hata hivyo koili haikufa. Ile mikono mirefu ya Chevrolet ilirithiwa na magari ya mashindano ya NASCAR, na ngazi ya juu ya mashindano hayo iliendelea nayo mpaka msimu wa 2021. Na Dodge Ram 1500 ya modeli ya 2009 ilirejesha koili nyuma ya pikapu mpya. Kwa hiyo pande zote mbili zina ushahidi.

Hesabu ya mzigo

Tuchukue mfano mwepesi. Tuseme springi ya kila upande huhitaji ratili 200 ili ishuke inchi moja. Ukipakia ratili 800 zikaangukia zote kwenye ekseli ya nyuma, kila upande utapata 400, na gari litashuka inchi mbili. Springi ngumu mara mbili ingeshuka inchi moja tu. Lakini siku gari likiwa tupu, ugumu huo huo utaupata wewe mgongoni mwako. Hakuna springi isiyo na bei yake.

Mabamba hupunguza tatizo hili kwa hila nzuri: chini kabisa huwekwa bamba nene lililonyooka, lisilofanya kazi mpaka mzigo umeshuka likaguswa. Mwenye koili naye anaweza kutia mfuko wa hewa ndani ya koili na kuujaza siku ya mzigo.

Mwenye kuvuta tela azingatie hili. Kwa kawaida asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela hukaa juu ya ndoano. Tela la ratili 3,000 litaweka ratili 300 hadi 450 nyuma ya gari kabla hujapakia hata kikapu kimoja.

Na neno hili tunalisisitiza: kuongeza springi hakuongezi uwezo wa gari. Breki, ekseli, fremu na matairi vimebaki vile vile. Gari lililonyanyuka vizuri nyuma huweza kumdanganya mwenyewe akadhani mzigo ni salama, kumbe breki za zaidi ya miaka hamsini hazina habari na springi mpya.

Kukagua kabla ya kulipa

Adui mkubwa wa magari haya ni kutu, hasa katika majimbo ya baridi ambako barabara humwagwa chumvi wakati wa theluji. Kwenye gari la koili, kagua ile mikono: kila mmoja ni vipande viwili vilivyounganishwa mgongo kwa mgongo, na kutu hupenda kuingia kati yake. Angalia pia mhimili wa fremu ambapo mikono hiyo imefungwa, na mipira ya viungo vyake. Mpira ukiisha, gari huyumba nyuma kama lina kizunguzungu.

Kwenye gari la mabamba, tazama kama kuna bamba lililovunjika, kama viungo vya nyuma vimeliwa na kutu, na kama gari limelalia upande mmoja likiwa tupu. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi imara, kwenye sakafu ngumu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa fremu iliyooza ni ghali kuliko gari lenyewe.

Kubadilisha aina moja kwa nyingine

Vijana hutuuliza: je, haiwezekani kununua lolote kisha kubadilisha? Yawezekana, lakini gharama yake si ya springi tu. Kutoka mabamba kwenda koili unahitaji mikono, mhimili wake, vikalio vya koili na fimbo ya kukingama pamoja na mahali pa kuifungia. Kutoka koili kwenda mabamba unahitaji vishikio vipya kwenye fremu na vikalio vya kuchomelea juu ya ekseli, navyo vikichomelewa kwa pembe isiyo sawa, shafti itatetemeka na kuharibu viungo vyake. Kazi hiyo haistahili kujaribiwa na mwanafunzi.

Kushusha gari nako kuna adabu yake. Usikubali koili zipashwe moto ili zilegee, maana moto huua nguvu ya feleji. Koili ikikatwa huwa ngumu zaidi: yenye mizunguko minane inayofanya kazi, ikipunguzwa mmoja, huongezeka ugumu kwa kiasi cha asilimia 14. Na gari la koili likishushwa, ile fimbo ya kukingama huisukuma ekseli upande kidogo, hivyo huhitaji fimbo inayorekebishika.

Shauri letu

Ikiwa gari litafanya kazi ya kubeba na kuvuta kila wiki, chukua la mabamba. Ikiwa litatembea zaidi likiwa tupu, kwenda kazini na kurudi, na mzigo ni wa mara moja moja, chukua la koili, nawe utashukuru katika kila safari ndefu. Ikiwa umekutana na gari moja zima lisilo na kutu, basi lichukue lilivyo na uiache springi iliyowekwa na kiwanda, kwani fremu nzima ni bora kuliko springi uipendayo juu ya fremu mbovu.

Na baba na mwana wasipokubaliana, waandike kwenye karatasi mizigo waliyobeba kweli katika miezi mitatu iliyopita, si ile wanayoiwazia. Karatasi hiyo itaamua bila kumwonea mkubwa wala mdogo.