Mti Ufaao Mahali Pake

Miembe ya enzi za misafara ya Unyanyembe bado yawapa kivuli wapitaji wa Tabora, ilhali misafara yenyewe ilikwisha koma zamani. Mti hudumu hivyo pale tu unapopata nafasi.

Kila halmashauri nchini imeagizwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Hata hivyo, mti unaokatwa baada ya miaka michache kwa kugusa nyaya za umeme haukuongeza kivuli chochote. Kwa hiyo mkazi wa Ipuli anashauriwa atazame mahali kwanza, ndipo achague mche.

Chini ya nyaya hufaa miti mifupi, kama mpera na mkomamanga. Mwembe na mjohoro huhitaji uwanja mpana, mbali na msingi wa nyumba, bomba na shimo la choo. Mwarobaini huvumilia kiangazi kirefu. Mkaratusi hunywa maji mengi, hivyo usipandwe karibu na kisima wala kijito. Katika hifadhi ya barabara, idhini ya mamlaka husika itangulie.

Mninga, mti wa asili wa miombo, hutaka subira: kwa miaka kadhaa mche wake hukauka juu kila kiangazi huku mizizi ikijijenga ardhini. Using'olewe kwa kudhaniwa umekufa.

Miche ipandwe mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, ili mizizi ishike kabla ya Mei, tena izungushiwe miiba, mbuzi wasiifikie.